Kati ya kugundua na kuvuna: hali ya utafutaji wa mafuta, gesi na madini Tanzania

Kwa miaka kadhaa sasa takwimu moja imekuwa ikirudiwa katika hotuba za bajeti, katika makongamano ya nishati na katika magazeti yetu: Tanzania imegundua gesi asilia ya futi za ujazo trilioni 57.54, ambapo trilioni 47.13 ziko katika kina kirefu cha bahari na trilioni 10.41 ziko nchi kavu na maeneo ya karibu na pwani. Mwananchi anayeisikia ana haki ya kuuliza kwa nini utajiri mkubwa kiasi hicho haujaonekana katika maisha yake, na wengi wamelijibu swali hilo kwa haraka, ama kwa kudai kwamba gesi imekwisha kuuzwa kwa wageni, ama kwa kudai kwamba hakuna gesi yoyote na tulidanganywa. Majibu yote mawili si sahihi. Gesi ipo, na sehemu yake kubwa bado iko palepale ilipokuwa kabla ya kugunduliwa, chini ya sakafu ya Bahari ya Hindi.

Takwimu ya trilioni 57.54 ni makadirio ya gesi yote inayoaminika kuwamo ndani ya miamba. Siyo gesi yote inayoweza kutolewa, kwa sababu hakuna kisima kinachoweza kunyonya kila kilichomo mwambani; sehemu hubaki chini hata pale teknolojia bora inapotumika. Na katika ile inayoweza kutolewa, inayohesabika kuwa akiba ya kibiashara ni ile tu ambayo gharama za kuichimba, kuisafisha na kuisafirisha zitalipwa na bei ya sokoni, chini ya mkataba uliokwisha kusainiwa na sheria zilizopo. Kwa hiyo akiba inaweza kupungua bila hata futi moja ya gesi kutoka ardhini, bei ya dunia inapoporomoka, na inaweza kuongezeka bila kisima kipya kuchimbwa, bomba linapojengwa jirani. Msomaji anayetaka kufuatilia habari za sekta hii bila kupotoshwa aanze hapo: kila takwimu anayopewa aiulize inapima lipi kati ya mambo hayo matatu.

Ni muhimu pia kuelewa jinsi takwimu hizo zinavyopatikana, maana ugumu wake ndio unaoamua nani ana nguvu mezani mikataba inapojadiliwa. Mafuta na gesi hutafutwa kwenye miamba tabaka, yaani miamba iliyotokana na mchanga, tope na mabaki ya viumbe yaliyorundikana kwa mamilioni ya miaka, kama ile ya ukanda wa pwani, bonde la Mto Ruvuma na mabonde ya ufa. Lazima uwepo mwamba mama uliopikwa na joto la ardhi hadi ukatoa gesi au mafuta, mwamba wenye vinyweleo wa kuyahifadhi, na juu yake mwamba usiopitisha wa kuyazuia yasipotee. Mtaalamu haoni lolote kati ya hayo kwa macho. Huanza na vipimo vya ndege vinavyopima mvutano na usumaku wa ardhi, kisha hukusanya data za mitetemo: baharini meli huvuta nyaya zenye vinasa sauti kwa kilomita kadhaa, hewa iliyoshindiliwa hufyatuliwa majini, na mwangwi unaorudi kutoka kwenye matabaka hurekodiwa na kuchakatwa kwa miezi mingi hadi upatikane mchoro wa kilichoko chini.

Mchoro huo unaonyesha umbo la miamba tu. Hauwezi kuthibitisha kilichomo, na jibu hutolewa na kisima peke yake. Katika Bonde la Rukwa kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili mwaka 1987, Ivuna na Galula, baada ya kuwa na michoro iliyotia matumaini, na vyote viwili havikuwa na mafuta. Kisima cha Zafarani katika Kitalu namba 2, moja ya maeneo ya baharini yaliyogawiwa kwa utafutaji, kilichotangazwa mwaka 2012, kilichorongwa mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 2,500 kabla ya kuugusa mwamba. Kisima kimoja katika kina cha namna hiyo hugharimu makumi ya mamilioni ya dola na kinaweza kuvuka milioni mia moja, na kikitoka kikavu fedha hiyo hairudi. Hakuna bajeti ya nchi inayojenga madarasa na zahanati inayoweza kucheza kamari ya ukubwa huo mara kumi mfululizo, ndiyo maana wageni walikaribishwa. Binafsi sioni aibu katika hilo. Tatizo linaanzia mahali pengine, pale ambapo anayelipia utafutaji ndiye pia anayebaki na ujuzi wa kilichopatikana, na Serikali inakaa mezani ikitegemea ripoti za yule inayejadiliana naye.

Historia yetu yenyewe inaonyesha umbali uliopo kati ya kugundua na kuvuna. Kampuni za BP na Shell zilianza kutafuta katika pwani na visiwani katika miaka ya 1950 na hazikupata mafuta ya kuchimba. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, liliundwa mwaka 1969, na mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia ikagundua gesi katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa. AGIP ilikuwa ikitafuta mafuta. Gesi isiyokuwa na soko haikuwa na faida kwao, wakaiacha. Mwaka 1982 kampuni hiyohiyo ikagundua gesi Mnazi Bay, Mtwara, nayo ikabaki ilivyo. Gesi ya Songo Songo ilifika Ubungo kuzalisha umeme mwaka 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa, na ya Mnazi Bay ikaanza kutumika Mtwara mwaka 2006, miaka 24 baadaye. Miamba ilikuwa ileile na gesi ileile kwa muda wote huo. Kilichobadilika ni kwamba ukame uliokausha mabwawa uliifanya nchi ihitaji umeme wa gesi, fedha za bomba zikapatikana, na mikataba ya kununua gesi kwa miaka mingi ikasainiwa.

Bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa Oktoba 2015 kwa mkopo wa dola bilioni 1.2 kutoka Benki ya Exim ya China, lilikuja kukamilisha picha hiyo, na pia kufungua jeraha. Wananchi wa Mtwara walipoandamana Januari 2013 na tena Mei mwaka huo wakisema gesi haitoki, watu walipoteza maisha na mali zikachomwa. Sehemu ya hasira hiyo ilitokana na ahadi zilizotangulia ujuzi. Watu waliambiwa Mtwara itakuwa mji wa viwanda wakati gesi iliyokuwa tayari kutoka Mnazi Bay ilikuwa ndogo, na ile kubwa ya baharini ilikuwa ndiyo kwanza imegunduliwa na haikuwa na hata mpango wa kuiendeleza. Mtu aliyeambiwa mambo hayo mawili kwa mkupuo, kana kwamba ni gesi moja, angeelewa nini lilipofika bomba la kuipeleka Dar es Salaam?

Gesi ya kina kirefu ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya takwimu ile ya trilioni 57.54. Kuanzia mwaka 2010 visima vya Pweza, Chewa na Chaza vilifungua mlango katika Vitalu namba 1 na 4, ambavyo vilipita mikononi mwa Ophir na BG kabla ya Shell kuinunua BG mwaka 2016. Katika Kitalu namba 2, karibu kilomita 100 kutoka pwani, Statoil ya Norway, ambayo sasa inaitwa Equinor, ikishirikiana na ExxonMobil iligundua Zafarani, Lavani, Tangawizi na nyinginezo. Gesi ya kiasi hicho ni kubwa kuliko soko la ndani linavyoweza kuimeza kwa sasa, hivyo mpango ukawa kuijengea mtambo wa kuigandisha kuwa kimiminika eneo la Likong'o, Lindi, ipakiwe melini na kuuzwa nje. Mradi wa aina hiyo hugharimu makumi ya mabilioni ya dola, na wenye fedha hawazitoi mpaka wajue kodi, mgawanyo wa mapato na namna ya kusuluhisha migogoro kwa miaka 30 ijayo.

Hapo ndipo ulipokwama. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria za kulinda umiliki wa rasilimali, zinazokataza migogoro ya maliasili kupelekwa katika mahakama na mabaraza ya usuluhishi ya nje na kuliruhusu Bunge kupitia upya masharti yanayoonekana kuwa hasi kwa nchi. Bei ya gesi nayo ilikuwa imeshuka. Januari 2021 Equinor ilipunguza thamani ya mradi huo katika vitabu vyake kwa dola milioni 982, jambo ambalo kwa lugha ya kawaida lilimaanisha kwamba mwenye kitalu mwenyewe haoni tena gesi ile ikimlipa karibuni. Mazungumzo yalifufuliwa, makubaliano ya awali yakasainiwa Dodoma Juni 2022, na mwaka uliofuata pande zote zikatangaza kwamba majadiliano yamefikia mwisho. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza haukufuata. Wakati huohuo Msumbiji, iliyogundua gesi katika bonde lilelile la Ruvuma na kwa wakati uleule, ilisafirisha shehena yake ya kwanza Novemba 2022 kutoka mtambo unaoelea wa Coral Sul. Hata hivyo wanaotumia mfano wa Msumbiji kutuhimiza tukimbie wakumbuke upande wake wa pili: mradi mkubwa wa nchi kavu ulisimamishwa Aprili 2021 baada ya mji wa Palma kushambuliwa, na nchi hiyo ilikuwa imekwisha kukopa kwa matumaini ya gesi ambayo haikuwa imetoka.

Mikataba yenyewe imejengwa juu ya hatari ya kutafuta. Chini ya mkataba wa kugawana uzalishaji, kampuni hutafuta kwa fedha zake na ikikosa hasara ni yake. Ikipata, hurejeshewa gharama kutoka kwenye uzalishaji. Chukua mfano wa gesi ya kina kirefu yenye thamani ya dola 100, kwa masharti ya mkataba kifani, yaani kiolezo cha mikataba, wa mwaka 2013. Mrabaha, yaani fungu la nchi linalokatwa kwenye thamani ya kilichozalishwa, wa asilimia 7.5 hutolewa kwanza, zikabaki dola 92.5. Nusu ya hizo, yaani dola 46.25, inaweza kutengwa kurejesha gharama za kampuni mpaka ziishe. Nusu nyingine ndiyo hugawanywa kati ya kampuni na TPDC, kwa uwiano unaoipa nchi sehemu kubwa zaidi kadiri uzalishaji unavyopanda, kisha kampuni hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 kwenye faida yake.

Ukilitazama hesabu hilo kwa makini utaona kwamba asilimia za mgawanyo, ambazo ndizo hupigiwa kelele zaidi, si mahali pekee ambapo nchi inaweza kupoteza. Kila dola ambayo kampuni inasema iliitumia, iwe ni kodi ya meli ya kuchoronga, mshahara wa mtaalamu mgeni au huduma iliyonunuliwa kutoka kampuni dada, inaingia katika gharama za kurejeshwa na kuchelewesha fungu la nchi. Kwa hiyo mkaguzi wa PURA, mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 kusimamia mkondo wa juu, yaani utafutaji na uzalishaji, anayekaa na majalada ya ankara kwa wiki kadhaa na kukataa zile zisizostahili, anaiokolea nchi fedha kuliko hotuba nyingi. Sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 2015, ya uwazi na uwajibikaji katika uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, inataka mikataba iwekwe hadharani. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, na mpaka mikataba itakaposomeka wananchi wataendelea kubishana kuhusu wasichokiona.

Upande wa madini ngazi ya kutoka makisio hadi akiba ni hiyohiyo, japo miamba ni tofauti. Katikati ya nchi na kuzunguka Ziwa Victoria kuna miamba ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na humo ndimo ilimo dhahabu ya Geita, Kahama na Tarime, pamoja na almasi ya Mwadui. Upande wa mashariki na kusini miamba iliyobanwa na joto kali imetupatia tanzanite ya Mirerani, rubi na kinywe (grafiti) cha Mahenge na Ruangwa. Nikeli iko Ngara, madini adimu Ngualla mkoani Songwe, urani Namtumbo. Leseni ya utafutaji hutolewa kwa miaka minne na kuongezwa kwa vipindi, mtafutaji huchimba mitaro, hukusanya udongo, huchoronga, na matokeo hupangwa katika madaraja kufuatana na jinsi matundu yalivyokaribiana. Matundu yaliyo mbalimbali hutoa makisio tu. Yakisogezwa karibu makisio huimarika. Na upembuzi yakinifu ukionyesha kwamba yanachimbika kwa faida ndipo yanapoitwa akiba. Ulimwengu ulijifunza umuhimu wa madaraja hayo kwa uchungu mwaka 1997, ilipobainika kwamba dhahabu iliyotangazwa na kampuni ya Bre-X huko Busang, Indonesia, haikuwapo na sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa udanganyifu. Masharti ya Kanada ya kutoa taarifa za madini yanayotumiwa na kampuni nyingi zilizoko hapa yalitokana na kashfa hiyo.

Nikeli ya Kabanga inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna sekta yote. Iligunduliwa katika miaka ya 1970 kwa utafiti uliofadhiliwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ikapita kwa kampuni moja baada ya nyingine hadi ikawa ya ubia wa Barrick na Glencore, waliochoronga mamia ya kilomita ya miamba, wakajua kwa undani kilichopo, na wakaamua kusubiri kwa sababu bei ya nikeli ilikuwa chini na Ngara haikuwa na reli wala umeme wa kutosha. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliwaruhusu kufanya hivyo kwa leseni ya kuhodhi: mtafutaji aliyethibitisha mashapo, yaani madini yaliyoko ardhini, lakini asiyeweza kuyachimba kwa faida kwa wakati huo aliweza kuyashikilia kwa miaka mitano, na kuongezewa mitano mingine.

Mabadiliko ya mwaka 2017 yaliondoa aina hiyo ya leseni, na kanuni za mwaka 2018 zikafuta zilizokuwapo, maeneo yakarudi serikalini. Sababu iliyotolewa ilieleweka na wengi, nami nakubali kwamba ilikuwa na uzito, kwa maana haifai kwa nchi kuwa na mashapo yaliyothibitishwa ambayo mtu anakaa juu yake akisubiri bei ya madini katika soko la London ipande huku vijana wa kijiji jirani wakifukuzwa kwa kuvamia leseni. Lakini kilichofutwa hakikuwa eneo tupu. Ndani ya leseni hizo kulikuwa na ujuzi ulionunuliwa kwa mamilioni ya dola, na wenye nao walikwenda kudai. Kampuni ya Indiana Resources, iliyokuwa na nikeli ya Ntaka Hill huko Nachingwea, ilishinda katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia mwaka 2023 na kupewa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande mbili zikakubaliana kwa dola milioni 90. Kampuni nyingine mbili zilizofutiwa leseni zilipatana na Serikali pia: Winshear kwa dola milioni 30, na Montero kwa dola milioni 27. Jumla yake ni dola milioni 147, fedha za walipa kodi, bila hata tani moja ya nikeli kutoka Ntaka Hill.

Kabanga ilichukua njia nyingine. Januari 2021 Serikali ilisaini makubaliano na kampuni ambayo leo inaitwa Lifezone Metals, ikaundwa Tembo Nickel ambamo nchi ina hisa asilimia 16 zisizopungua hata mtaji ukiongezwa, na mpango uliotangazwa ulikuwa kusafisha nikeli hiyo Kahama badala ya kusafirisha makinikia. Jambo ambalo halikuzungumzwa sana ni kwamba mwekezaji mpya alilazimika kununua kutoka kwa Barrick na Glencore data zao zote za utafutaji na majaribio ya uchenjuaji. Eneo lilikuwa limerudi kwa nchi. Maarifa ya kilichomo ndani yake yaliendelea kuwa bidhaa ya mtu mwingine. Kwa maoni yangu hilo ndilo fundo la mjadala mzima, na mabishano kuhusu asilimia 16 au mrabaha wa dhahabu uliopanda kutoka asilimia 3 hadi 4 mwaka 2010 na kufika 6 mwaka 2017 yanapaswa kuja baada yake.

Je, nchi yenyewe inajua nini? Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipima karibu nchi nzima, zikiruka katika mistari iliyopishana kwa kilomita moja. Hizo zilikuwa data nzuri kwa wakati wake, lakini mkanda wa dhahabu wenye upana wa mita chache unaweza kupita katikati ya mistari miwili bila kuacha alama yoyote. Utafiti wa ndege wa kiwango cha juu, wenye mistari ya karibu zaidi, ulikuwa umefanyika katika asilimia 16 tu ya eneo la nchi kufikia mwaka 2023. Wizara ya Madini imeahidi, katika dira yake ya 2030 yenye kaulimbiu ya Madini ni Maisha na Utajiri, kufikisha angalau asilimia 50 ifikapo mwaka huo, kazi ikifanywa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, yenye makao Dodoma. Katika sekta ambayo mchango wake katika pato la taifa ulivuka asilimia 10 mwaka 2024, ni vigumu kutaja matumizi mengine ya fedha za umma yenye faida ya wazi kuliko haya. Serikali inayokwenda mnadani na ramani ya kina huuza maeneo machache kwa bei nzuri; isiyo na ramani hugawa maeneo makubwa kwa ada ndogo na kusubiri kuambiwa.

Anayeumia zaidi kwa ukosefu wa ramani si kampuni kubwa. Ni mchimbaji mdogo. Katika machimbo ya Kanda ya Ziwa watu huungana, mwenye duara (shimo la kuchimbia), mwenye leseni, wafadhili na wachimbaji, wakashuka kwa kamba na mbao za matimba wakifuata mkanda ulioonekana juu. Mkanda ukikatika kwa sababu mwamba ulisogea hapo zamani, hakuna wa kuwaambia umehamia kushoto au kulia, kwa mita 5 au 50. Wanaendelea kuchimba jiwe tupu mpaka fedha ya mbao, chakula na baruti iishe, kisha wanahama na mashimo yanabaki. Tundu moja la kuchoronga, lenye choronge, yaani vipande vya mwamba vilivyotolewa tunduni, zilizopangwa kwenye masanduku na kusomwa na mjiolojia, lingewajibu kwa siku chache. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limeanza kununua mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya kundi hili, na ni hatua ya kupongezwa, ingawa ikilinganishwa na idadi ya leseni ndogo zilizopo mitambo hiyo bado ni michache mno. Gharama ya kuchoronga na ya maabara ndiyo inayoamua nani atabahatisha na nani atachimba kwa hesabu.

Kuna mambo mawili ambayo huwachanganya watu na yanaelezeka kwa ufupi. La kwanza ni heliamu ya Bonde la Rukwa, ambayo ingawa ni gesi husimamiwa chini ya Sheria ya Madini. Watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham wakishirikiana na kampuni ya Helium One waliitangaza mwaka 2016, katika bonde lilelile ambalo Amoco ilikosa mafuta, jambo linaloonyesha kwamba data za kisima kikavu nazo zina thamani zikitunzwa. La pili ni Zanzibar, ambayo kupitia Sheria ya Petroli ya 2015 ilipata nafasi ya kusimamia mafuta na gesi yake, ikatunga sheria yake mwaka 2016 na kusaini mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018. Kwa hiyo habari ya utafutaji visiwani haiihusu TPDC wala PURA.

Kuhusu mafuta, macho sasa yako Bonde la Eyasi Wembere, linalopita katika mikoa ya Arusha, Singida, Tabora, Simiyu na Shinyanga. Matumaini yanatokana na Uganda kupata mafuta Ziwa Albert mwaka 2006 na Kenya kuyapata Turkana mwaka 2012, yote katika mfumo wa bonde la ufa. Mafuta katika bonde moja si ushahidi kwa bonde jingine, kama Rukwa ilivyokwisha kutufundisha. Tofauti ya Eyasi Wembere ni kwamba safari hii TPDC yenyewe ndiyo iliyoanza kwa fedha za umma: vipimo vya ndege, visima vifupi vya kusoma matabaka, kisha data za mitetemo. Hatari ya hatua hizo za mwanzo ni ndogo ikilinganishwa na ya kisima kirefu, na matokeo yake, yawe mazuri au mabaya, yatakuwa mali ya nchi kabla ya mwekezaji yeyote kuitwa. Itakapofika zamu ya kisima kirefu, huenda TPDC ikahitaji mbia wa kubeba gharama. Kabla ya kushangilia au kulaumu mkataba wowote utakaotangazwa siku hiyo, maswali ya kuuliza yatakuwa haya: mchoro wa miamba uliochaguliwa kuchorongwa ulichakatwa na nani, gharama za utafutaji zitakaguliwa na nani, na ikiwa kisima kitatoka kikavu, choronge na data zake zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuzisoma.